Nyasi za Uwanja wa Nyumba: Awindiri Ina Majira Mawili, Si Manne

Uwanja ndio uso wa nyumba. Mgeni huutazama kabla hajaviona viti vya sebuleni, na mwenye nyumba huukanyaga kila asubuhi aendapo kazini. Kwa familia za askari na polisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika kota za serikali nyumba hufanana, milango hufanana, na hata rangi ya kuta hufanana. Kinachotofautisha nyumba moja na nyingine ni jinsi uwanja wake unavyotunzwa.

Hata hivyo, uwanja si pambo tu. Pale penye udongo mtupu, mvua kubwa hubeba ardhi na kuacha misingi ya nyumba i wazi. Kiangazi kikiingia, vumbi hupenya chunguni, vitandani na machoni mwa watoto, na funza hupata makao mazuri katika mchanga mkavu. Nyasi fupi, zilizoshika ardhi sawasawa, hupunguza madhara hayo yote. Ndiyo sababu mama wa nyumba anayeomba kuoteshewa nyasi mbele ya mlango haombi anasa.

Swali linalowatatiza wengi katika mtaa wa Awindiri, mjini Arua, na vilevile katika nyumba za Koboko, ni nyasi zipi za kupanda na jinsi ya kuzitunza mwaka mzima. Wako waliokwenda ng'ambo kwa masomo au kwa kazi, wakaona viwanja vya kijani kibichi vya nyasi ziitwazo feskyu, wakarudi na hamu ya kuwa na uwanja kama huo. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa na watu wa nchi hizo, navyo huzisifu nyasi hizo kupita zote. Kabla ya kufuata vitabu hivyo, yafaa kwanza kuuliza feskyu ni nyasi za wapi.

FESKYU NA MAKWAO

Aina za feskyu ni nyingi. Ile inayotumika zaidi viwanjani ni feskyu ndefu, ambayo asili yake ni Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Katika nchi ya Marekani, aina moja ya feskyu hiyo iligunduliwa mwaka 1931 ikistawi katika shamba moja la jimbo la Kentucky. Mwaka 1943 ilitolewa rasmi kwa wakulima, na tangu hapo ikaenea malishoni na katika viwanja vya nyumba vya majimbo mengi.

Nyasi hizi ni wapenzi wa ubaridi. Hukua vizuri zaidi joto la hewa linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 24 za sentigredi. Kwa hiyo utunzaji wake katika nchi hizo hufuata majira manne. Mbegu hupandwa mwezi wa Septemba, wakati udongo ungali na joto na hewa imeanza kupoa. Wakati wa baridi kali nyasi hutulia. Kuanzia Machi hadi Mei hukua kwa nguvu, nazo hukatwa mara kwa mara. Katika joto la Juni hadi Agosti huchoka, na mwenye bustani huziacha ziwe ndefu, sentimita 8 hadi 10, ili majani yautie kivuli udongo, huku akizinywesha maji yapatayo milimita 25 kila juma. Tena feskyu haitambai kama ukoka, bali husimama kwa mafungu. Mahali palipopata upara hapajizibi penyewe, na kila mwaka hapana budi kumwagiwa mbegu upya.

Isidhaniwe kwamba Afrika Mashariki haina feskyu yake. Inayo, lakini imechagua pa kukaa. Katika Mlima Kenya, Elgon na Kilimanjaro, juu ya mita 3,000, feskyu za kienyeji huota kwa mafungu magumu penye baridi kali ya usiku. Huo ni ushahidi wa kutosha: katika nchi za joto, nyasi hizi hupanda mlimani kuufuata ubaridi.

Arua haiko mlimani. Mji uko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 3 tu kaskazini ya Ikweta. Mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Katika joto la namna hiyo feskyu huanza kula akiba yake kuliko inavyoweza kutengeneza chakula kipya, na mizizi yake hufupika. Nazo mvua za joto za Agosti na Septemba humletea mgeni huyo ugonjwa wa ukungu, ambao huacha mabaka ya rangi ya kahawia uwanjani. Juu ya hayo, mbegu za kutoka ng'ambo haziingizwi nchini kwa kutiwa mfukoni tu. Sheria ya afya ya mimea hudai kibali na cheti, ili magonjwa na magugu yasipenye pamoja nazo.

Mfano utaonyesha vizuri zaidi. Sajini aliyezoea Kabale, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na yenye ukungu wa asubuhi, ahamishiwapo Awindiri na kupanda feskyu mwezi wa Aprili, atafurahi sana mwanzoni. Baada ya wiki mbili mbegu zitakuwa zimeota. Mwezi wa Juni majirani watasimama kutazama. Lakini Februari uwanja wake utakuwa majani makavu, na mvua zitakaporudi, mafungu yale hayatafufuka. Jirani yake mwenye ukoka, ambaye uwanja wake nao ulikuwa wa kahawia tangu Januari, ataona kijani baada ya mvua chache. Nyasi za wote wawili zilikauka, ila za mmoja zilikufa na za mwingine zilikuwa zimelala. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika uwanja wa Awindiri feskyu ni mgeni asiyemponya mwenyeji wake.

NYASI ZA KUCHAGUA

Nyasi za kwanza kufikiriwa ni ukoka. Huu ni mwenyeji wa bara letu, na hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, hivyo huziba mapengo yake wenyewe. Hupenda jua kali, huvumilia kukanyagwa, na kiangazi kikizidi hulala hadi mvua irudi. Kasoro zake ni mbili: haupendi kivuli, na huvamia bustani ya mboga usipozuiwa. Mwenye mchicha au nyanya karibu na uwanja achimbe mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 15 kati ya ukoka na mboga, na kuukagua kila mwezi.

Za pili ni paspalamu, nyasi zenye asili ya Amerika ya Kusini ambazo zimekwisha kuzoea Uganda na kuonekana katika viwanja vya shule, makanisa na ofisi. Majani yake ni mapana na magumu kidogo. Mizizi yake huenda chini sana, na kwa sababu hiyo hustahimili udongo mbaya, ukame na miguu ya watoto. Kasoro yake ni kwamba wakati wa mvua hutoa haraka mabua marefu ya mbegu yenye mikono miwili, mfano wa herufi V, ambayo huufanya uwanja uonekane haujafyekwa hata baada ya siku chache.

Chini ya miembe, ambayo ni mingi katika mji wa Arua, ukoka hunyong'onyea na kufa. Hapo ziko nyasi fupi za majani mapana zinazotambaa kivulini, nazo hupatikana kando ya vijito na chini ya miti mikubwa. Lakini hizo huhitaji unyevu, na ndizo za kwanza kuumia wakati wa kiangazi. Mara nyingi ni heri kuacha chini ya mwembe pafagiliwe tu, pawe mahali pa kukalia na kupokelea wageni.

Onyo moja ni la lazima. Iko nyasi iitwayo sangari, ambayo Waganda huiita lumbugu. Machoni mwa asiyezoea hufanana na ukoka, lakini ni adui mkubwa wa mashamba, kwa kuwa mizizi yake hupita chini kwa chini na hukata tamaa ya jembe. Mwenye kuomba vipandikizi kwa jirani aombe kutoka uwanja anaoujua, wala asichote kando ya shamba.

MVUA ZA KWANZA: MACHI NA APRILI

Katika West Nile mwaka una majira mawili makubwa. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, hupungua kidogo katikati ya mwaka, huzidi kuanzia Agosti hadi Oktoba, na hukoma Novemba. Baada ya hapo ni kiangazi. Kalenda ya uwanja haina budi kufuata mpango huo, wala si kalenda ya vitabu vya ng'ambo.

Upandaji ufanyike mvua zikiisha kunyesha mara tatu au nne, na udongo ukiwa umelowa kwa urefu wa kiganja. Ardhi ichimbwe sentimita 15, mawe na mizizi ya magugu iondolewe, kisha isawazishwe kwa mteremko mdogo unaoelekea mbali na nyumba. Kushuka kwa sentimita 2 katika kila mita moja kwatosha. Mteremko ukielekea ukutani, maji yatakwenda msingini, na kazi yote itakuwa hasara.

Udongo wa Arua mara nyingi ni mwekundu wenye mchanga, na hauhifadhi chakula cha mimea kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo samadi ni muhimu. Debe moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri litandazwe katika mita 4 za mraba, kisha lichanganywe na udongo. Samadi mbichi isitumiwe, kwa kuwa huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu.

Vipandikizi vya ukoka vikatwe kwa urefu wa sentimita 15, kila kimoja kikiwa na vifundo vitatu. Vipandwe kwa mistari inayoachana sentimita 20, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo na kimoja juu, kisha ardhi ishindiliwe kwa mguu. Paspalamu hupandwa vivyo hivyo, ila kwa vijifungu vyenye mizizi. Mvua zikikatika kwa siku tatu, vinyweshwe jioni. Mpira wa watoto uhamishiwe kwingine kwa muda wa miezi miwili. Haraka haraka haina baraka.

KUFYEKA NA KUPALILIA: MEI HADI JULAI

Sheria ya kufyeka ni moja, nayo hutumika ulimwenguni kote: isikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Ukoka unaotakiwa kuwa wa sentimita 4 ukatwe unapofika sentimita 6. Paspalamu inayotakiwa kuwa ya sentimita 6 ikatwe inapofika sentimita 9. Anayengoja nyasi zifike magotini, kisha akazikata hadi ardhini kwa sababu afisa anakuja kukagua, huzinyang'anya majani yote yanayotengeneza chakula. Kesho yake uwanja huwa wa manjano, na magugu hupata nafasi.

Fyekeo, ambalo askari wengi huliita slasha, latosha kwa uwanja mdogo iwapo limenolewa. Fyekeo butu hupasua majani badala ya kuyakata, na ncha zake hukauka. Kazi ifanywe umande ukiisha kukauka. Mawe na vipande vya chuma viokotwe kwanza, mfyekaji avae mabuti, na watoto wakae mbali, kwa maana jiwe lililorushwa na fyekeo limekwisha kuumiza wengi. Majani mafupi yaliyokatwa yaachwe palepale yaoze, kwani hurudisha chakula udongoni. Yakiwa marefu yapelekwe kwa mbuzi au kwenye shimo la mboji.

Palizi ya uwanja ni ya mkono. Ndago isivutwe majani tu. Yapasa kuchimbwa hadi kwenye kiazi chake kidogo kilicho chini, la sivyo itarudi baada ya siku chache ikiwa na wenzake. Mwenye uwezo aweza kutia mbolea ya urea mara moja katika kipindi hiki, kilo moja kwa uwanja wa mita 10 kwa mita 10, akiinyunyiza majani yakiwa makavu na mvua ikitarajiwa. Asiye na uwezo asisikitike. Samadi iliyochekechwa na kutandazwa kwa wembamba hufanya kazi ileile, ingawa polepole zaidi.

MVUA KUBWA: AGOSTI HADI OKTOBA

Hiki ndicho kipindi cha kijani, na pia cha kazi nyingi. Nyasi huhitaji kukatwa kila baada ya siku 7 hadi 10. Familia yenye vijana yaweza kugawana zamu, mvulana na msichana sawasawa, ili mzigo usimwangukie mama peke yake.

Hatari mbili huja pamoja na mvua. Ya kwanza ni maji yanayotuama. Mbu hawazaliwi katika nyasi bali katika maji, na yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kila kishimo kinachoshika maji kijazwe udongo na kupandwa nyasi, na makopo yaliyotupwa yaokotwe. Malaria ingali adui mkubwa katika West Nile, na uwanja uliosawazishwa ni sehemu ya ulinzi sawa na chandarua. Hatari ya pili ni nyoka, ambaye hupenda nyasi ndefu karibu na choo na jiko. Nyasi fupi hazimfukuzi nyoka, lakini humwonyesha mapema.

Kuhusu dawa za kuua wadudu, ni vema kutahadhari. Mchwa huonekana viwanjani, na wako wanaofikiria kuwamwagia sumu. Wakumbuke kwamba mvua zikinyesha, kumbikumbi huruka, na katika West Nile kumbikumbi ni kitoweo kinachopendwa sana. Watoto huwakusanya palepale uwanjani na chini ya taa, na akina mama huwakausha na kuwauza sokoni. Anayemwaga sumu uwanjani humwaga sumu sahanini. Mchwa wanaokaribia nyumba wazuiwe kwa kuacha ukanda wa nusu mita wa kokoto kati ya nyasi na ukuta, ili njia zao za udongo zionekane na kubomolewa.

KIANGAZI NA HESABU YA MAJI

Novemba, kabla ya mvua ya mwisho, uwanja utandazwe samadi kidogo na kupaliliwa. Kuanzia hapo nyasi ziachwe ziwe ndefu zaidi kwa sentimita 2 ili ziutie udongo kivuli. Desemba upepo mkavu kutoka kaskazini-mashariki huanza kuvuma, na kijani hupotea pole pole. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huona aibu uwanja wao unapobadilika rangi.

Hesabu ni rahisi. Maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 10 kwa mita 10 una mita 100 za mraba. Ukinyweshwa milimita 25 kwa juma, kama vitabu vya feskyu vinavyoagiza, utakunywa lita 2,500. Hizo ni jerikeni 125 za lita 20. Familia ya watu sita, kila mtu akitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga, huhitaji jerikeni 6 kwa siku, yaani 42 kwa juma. Kwa hiyo uwanja mmoja mdogo hunywa katika wiki moja maji yanayoitosha familia nzima kwa wiki tatu.

Jerikeni hizo zina mtu anayezibeba. Mara nyingi ni mama au binti, katika foleni ya bomba au ya kisima, tangu alfajiri. Mto Enyau, ambao kwa miaka mingi umekuwa chimbuko la maji ya bomba ya mji wa Arua, nao hupungua wakati wa kiangazi kama mito mingine midogo. Mume arudipo kazini Januari na kusema, "Mama Watoto, mbona nyasi zimekauka? Wakubwa watatuonaje?" mke ana haki ya kumjibu kwa heshima, "Baba Watoto, nyasi zimelala. Maji niliyoyapata leo ni ya uji wa mtoto na ya sare yako." Jibu hilo ni sahihi kwa nyumba, na pia kwa elimu ya mimea. Hakuna mkubwa mwenye busara atakayelaumu uwanja safi, mfupi na mkavu katika mwezi wa Februari.

Anayetaka kujua kama nyasi zimelala au zimekufa achimbe kidogo kwa kisu na kutazama mashina yaliyo chini ya ardhi. Yakiwa meupe na magumu, zi hai. Yakivunjika kama kijiti kikavu na ndani yakawa ya kahawia, mahali hapo patapandwa upya mvua zikirudi.

Nyasi zilizolala zina haki zake chache. Zisifyekwe hadi ardhini. Zisichomwe moto kwa kisingizio cha kusafisha, hasa penye jiko la makuti au la nyasi, kwa kuwa kiangazi katika West Nile ni majira ya mioto. Njia ya kupita iwe moja, ili miguu isiuchakaze uwanja wote. Mbuzi wasifungwe hapo usiku na mchana, maana watang'oa hata mashina. Ikiwa familia inapenda ukanda mdogo wa kijani mbele ya mlango, maji yaliyotumika kuoshea vyombo na kufulia yanafaa, mradi yasiwe na dawa ya kuondoa madoa, na yamwagwe mahali tofauti kila siku. Maji hayo yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

UWANJA WA KUFAGIA NAO UNA HESHIMA YAKE

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kila uwanja lazima uwe na nyasi tupu. Wazee wa West Nile, Walugbara, Wakakwa, Waaringa na wengineo, tangu zamani wamefagia viwanja vyao kila asubuhi, na walikuwa na sababu. Ardhi iliyofagiliwa huonyesha alama ya nyoka, hukaushiwa mihogo na ufuta, na hutenga moto na nyumba. Uwanja uliofagiliwa hutangaza kwamba nyumba ina mwenyewe. Baada ya vita vya 1979 na mapigano yaliyofuata mwaka 1980, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire ya wakati ule. Miaka ilipopita nao wakaanza kurejea, wengi walikuta vichaka vimemeza makwao, na kabla ya kuezeka paa walianza kwa kufyeka na kufagia uwanja.

Kwa hiyo mpango bora ni wa kugawa. Karibu na jiko na chini ya mwembe pafagiliwe. Mbele ya nyumba, kwenye mteremko na pande zinazopigwa na mvua pashikwe na nyasi, kwa maana hapo ndipo udongo huchukuliwa. Ufagio na fyekeo ni ndugu, na kila kimoja kina zamu yake.

NYUMBA YA SERIKALI, NYASI ZA WOTE

Limebaki jambo moja ambalo huwavunja moyo wengi katika kota. Askari hupanda Aprili, na Agosti barua ya uhamisho hufika. "Kwa nini nijitaabishe?" huuliza mtu. "Atakayefaidi ni mwingine." Ni kweli kwamba nyasi hazipakiwi juu ya lori pamoja na vitanda. Lakini huko aendako naye ataingia katika nyumba iliyoachwa na mtu, na atakuta uwanja wa mtu huyo. Mtoto wake mchanga ataanza kutambaa juu ya nyasi zilizopandwa na mikono asiyoijua, au juu ya vumbi lililoachwa na mikono hiyo.

Familia inayohama, siku ya kukabidhi ufunguo, imweleze anayeingia mambo matatu: nyasi zilizopo ni za aina gani, maji ya mvua yanapita wapi, na ni sehemu ipi ya kufagia. Ikiwa ni Januari, imwambie pia kwamba nyasi zimelala, asije akazing'oa. Nayo ichimbe vipandikizi vya kujaza gunia moja, ivifunike kwa majani mabichi na kuvipeleka kituo kipya, iwapo hali ya hewa ya huko yafanana na ya Arua. Vikipandwa mapema, mvua ikiwapo, vitashika.